Mashine Hununuliwa kwa Safari ya Kurudi

Wanangu, kila sikukuu zikikaribia simu yangu haipumziki. Mmoja amelipwa kiinua mgongo, mwingine kikoba kimevunjwa, wa tatu shemeji yake ameshusha boti kutoka Dubai. Wote wanataka kuipeleka familia visiwani, Mbudya au Bongoyo, siku za Jumapili, na wote wana swali moja: "Shikamoo Mzee. Nifunge mashine ya ngapi?" Siku hizi naitikia marahaba, kisha namuuliza mtu swali langu kwanza: watapanda nani?

Swali hilo huwaudhi. Mtu amekuja kuzungumza habari za mashine, anaulizwa habari za mama mkwe wake. Lakini nimechoka kujibu kwa namba tupu. Namba tupu ndiyo inayowafikisha pabaya, kisha wanarudi kwangu na lawama kana kwamba mimi ndiye niliyepakia boti.

Haya, tufanye hesabu kwa mara nyingine tena. Chukua boti ya faiba ya mita 5. Ikiwa tupu ina kilo 450 hivi. Mashine ya fostroki ya farasi 60 ni kilo 110 na ushei. Wewe na mama watoto, kilo 150. Watoto wanne, wakubwa kwa wadogo, kilo 140. Bibi yao haachwi nyumbani siku ya Iddi, weka 70. Petroli lita 50 haipungui kilo 36. Maji ya kunywa, kisanduku cha barafu na soda, mkaa, sufuria ya pilau, nanga na mnyororo wake, betri: hapo kilo 90 zimekwenda bila wewe kujua. Tumeshavuka tani moja, na jirani mwenye kimbelembele hajaingia na mwanawe.

Wazoefu wa boti za starehe hukadiria farasi mmoja kwa kila kilo 11 hadi 18 za uzito wote. Gawanya tani yako hiyo, utaangukia kati ya farasi 58 na 95. Sasa yule aliyefunga 40 kwa sababu aliipata kwa bei nzuri, kila farasi wake anavuta kilo 26. Siku ya majaribio ilipaa vizuri, ndiyo, kwa kuwa ndani alikuwemo muuzaji peke yake na kidumu kimoja cha mafuta. Huyo alinunua mashine ya kumbeba muuzaji.

Na msihesabu uzito mkasahau upepo. Asubuhi maji ya Msasani hulala. Mnaondoka mnacheka, watoto wanatumbukiza vidole majini, na hata mashine dhaifu inaonekana shujaa. Lakini Bongoyo iko kaskazini ya rasi ya Msasani, na kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi upepo wetu ni kusi. Maana yake, jioni mnarudi mmeukabili upepo uso kwa uso, watoto wamechoka na wameloa, mafuta yamepungua, na bahari si ile ya asubuhi. Maji ya bamvu nayo hapa kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo mkondo una lake la kusema pia. Saa hiyo ndiyo mnayoinunulia mashine. Ya asubuhi hata kasia lingeiweza.

Boti isiyo na nguvu ya kutosha hainyanyuki ikakaa juu ya maji. Inabaki imeinua omo na kuzamisha tezi, unaendesha huoni mbele, na wimbi linalokuja nyuma liko shibiri moja kutoka ndani. Wewe unafungua mafuta mpaka mwisho, na haipandi. Kwa hiyo ule uchumi mliokuwa mnaukimbilia haupo: mashine ndogo inayokimbizwa mwendo wote hula petroli kushinda kubwa kidogo inayokwenda kwa utulivu, nayo hufa mapema. Nimezifungua nyingi za namna hiyo. Mwenyewe husema zilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Mkishaambiwa hivyo, kundi la pili linaruka: basi Mzee, tufunge 115! Hawa ndio wanaonichosha zaidi, kwa sababu wana fedha.

Mwanangu, kabla ya kutazama mashine tazama ubao wa nyuma inapofungwa, kisha tafuta kibati. Vyaelea vimeundwa, na aliyeviunda alipima. Boti iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, yenye urefu usiofika futi 20 na ya mashine ya nje, sheria ya huko inataka iwe na kibati kinachotaja watu, uzito na farasi wa mwisho. Hesabu yao si siri. Wanazidisha urefu wa boti kwa upana wa ubao wa nyuma, vyote kwa futi. Ya futi 16 kwa 6 inatoa 96. Ikiwa inaendeshwa kwa usukani wa mbele na ubao wake wa nyuma una kimo cha inchi 20 au zaidi, zidisha kwa 2 utoe 90, upate 102, nao huipandisha kwenye tano inayofuata: 105. Boti hiyo hiyo ukiiendesha kwa mkono, umekaa nyuma na kilo zako, zidisha 96 kwa 0.8 utoe 25. Unapata 51.8, yaani 55. Na ikiwa tumbo lake ni bapa lenye kona kali, nusu ya 96 utoe 15, ni 33, basi mwisho 35.

Mmeona? Urefu ule ule, upana ule ule, lakini mmoja anaruhusiwa 105 na mwenzake 35. Ndiyo maana simpi mtu jibu kwenye simu. Na ile 60 ya familia yetu ya hapo juu, ukitaka kuiendesha kwa mkono, imeshapita mpaka. Weka usukani.

Boti za Ulaya zina kibati chao chenye herufi. C ni kwa upepo usiozidi kipimo cha 6 na mawimbi ya mita 2. D ni kwa upepo wa kipimo cha 4 na vijiwimbi vya sentimita 30, maji ya bwawani na mitoni. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanapotangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya zaidi ya mita 2, mwenye C abaki pwani, na mwenye D alitakiwa abaki tangu jana yake. Hakuna mashine inayoigeuza D kuwa boti ya bahari. Ukiifungia farasi wengi inafika tu haraka mahali isipostahili kuwepo.

Zinazoundwa hapahapa kwa mafundi wetu wa faiba mara nyingi hazina kibati. Muulize fundi alikusudia mashine ya uzito gani, na angalia kama ubao wa nyuma una mbao nzima ndani au umejazwa. Ugonge kwa nyundo ya mpira: ukilia pwa, maji yameshaingia. Kisha pelekeni chombo kikaguliwe, TASAC kwa Bara, ZMA kwa Zanzibar, na msiende kutafuta njia ya kumzunguka mkaguzi. Nasema hivi nikijua wapo wanaonisikiliza huku wameshalipia njia hiyo.

Tena farasi wakubwa hawaleti kasi mnayodhani. Boti inayokwenda kilomita 40 kwa saa, ukiizidishia nguvu mara mbili bila kuongeza uzito, haifiki 80. Inafika 56 au 57. Na uzito unaongezeka, maana fostroki ya 115 ina kilo 170 na zaidi, zote zimening'inia nyuma kabisa. Mafuta je? Mashine ya 60 ikifunguliwa yote hunywa lita 20 na zaidi kwa saa; ya 115 karibu mara mbili yake. Ukiachia mafuta ghafla, wimbi ulilokuwa ukilivuta linakufikia na kuingia kwa nyuma, palepale walipokaa watoto.

Hapa nitasimama kidogo, kwa kuwa ndipo watu hunikatiza. Mwezi Mei 2013, huko Padstow, Cornwall, Uingereza, familia ya watu 6 ilikuwa kwenye boti yao ya mita 8, mapumziko tu kama haya yenu. Boti ilikata kona kwa kasi ikawarusha wote majini. Ikabaki inazunguka yenyewe, mashine inanguruma, ikawarudia. Baba na binti yake wa miaka 8 walifariki, na wengine katika familia walijeruhiwa vibaya. Wachunguzi wa ajali za majini walikuta kwamba ile kamba ya kuzimia mashine haikuwa imefungwa kwa aliyekuwa akiendesha. Kamba ile nyekundu iliyojisokota, ambayo kwenu huning'inia kwenye swichi kama pambo, au imefungwa kwa waya kusudi isisumbue. Tangu tarehe 1 Aprili 2021 Wamarekani wanawalazimisha waendeshaji wa boti za chini ya futi 26, zenye mashine ya farasi 3 na kuendelea, waitumie chombo kikiwa kwenye mwendo. Farasi 3, wanangu, si 115. Ifunge pajani au kwenye jaketi okozi lako, na mfundishe mama watoto kuzima na kuwasha mashine, usije ukawa wewe pekee unayejua.

Wenye mashua za mbao nao wasidhani nimewasahau. Chombo cha namna ile hakikuundwa kupanda juu ya maji, kinayakata. Kina mwendo wake wa mwisho, nao unatokana na urefu wake majini. Mashua yenye futi 30 kwenye maji hugota noti 7 na kidogo, kama kilomita 13 kwa saa. Ukiongeza farasi baada ya hapo unachimba shimo majini na kutikisa misumari. Mashine ndogo inayozungusha propela pana inawatosha, na fedha zinazobaki nunueni kalafati.

Sasa tuseme umechagua vizuri. Bado unaweza kuiharibu kwa propela. Mashine nyingi za fostroki za ukubwa huu zinatakiwa zifike kati ya mizunguko 5,000 na 6,000 kwa dakika zikifunguliwa mpaka mwisho. Muhimu ni kupima boti ikiwa imepakia. Mshale ukigota 4,600, propela yako ni kali mno; shuka inchi moja ya mkato wake upate mizunguko 200 hivi, au inchi mbili ikibidi. Watu wengi huuza mashine nzima isiyo na kosa, kumbe kosa lilikuwa la kipande cha aluminiamu chenye mapanga matatu. Nanyi mnaonunua zilizotumika, msiiamini namba ya kavani. Viwanda hutengeneza 40, 50 na 60 zinazotumia bloku moja, na kubadilisha kava ni kazi ya dakika moja. Soma kibati cha kwenye mabano ya kufungia, ulinganishe namba na karatasi.

Kuna wanaoniambia watafunga mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili ikifa moja ibaki nyingine. Wazo si baya. Ila mbili za 30 zikibaki moja, boti haipandi tena juu ya maji, mtarudi mkitambaa, na hilo mlijue kabla. Na kama zote zinakunywa kutoka tangi moja, petroli yenye maji itaziua zote mbili kwa dakika zilezile. Tenganisheni matangi. La sivyo, fungeni moja yenye nguvu ya kutosha, mwe na makasia mawili, nanga yenye kamba ndefu, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mafuta mliyoyagawa mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la kutoguswa.

Mkinishika shati mniambie nitaje namba, nitasema hivi: soma mpaka wa kibati, ukae kwenye robo yake ya juu bila kuuvuka, halafu uthibitishe kwa hesabu ya kilo. Mwenye kibati cha 80 na tani moja ya familia afunge 60 au 70 aende zake kwa amani. Anayetaka kushindana na boti za hoteli akodi ya kwake peke yake, awaache watoto ufukweni.

Na kabla hujatoa fedha, mwambie muuzaji boti ijaribiwe alasiri, si asubuhi, familia yako yote ikiwa imekaa humo na jaketi zao, tangi limejaa, nanga imo. Iende, igeuke, irudi imeukabili upepo. Muuzaji akikataa, tafuta mwingine.