Ufa Katika Nyumba Mpya

Nyumba ndicho kitu kikubwa kuliko vyote ambavyo mtu wa mshahara mdogo hununua katika maisha yake. Nguo ikichanika hushonwa, kiatu kikibana hupewa ndugu mwenye mguu mdogo, na ng'ombe asiyetoa maziwa hupelekwa mnadani. Lakini nyumba hairudishwi dukani. Mtu huinunua kwa akiba ya miaka mingi, na pengine kwa mkopo atakaoulipa kwa miaka mingi zaidi. Basi akiisha kukabidhiwa ufunguo, akaona kwamba mjenzi alikosea, afanye nini? Na mjenzi anadaiwa nini? Maswali haya yaonekana kuwa ya mafundi na mawakili tu. Mimi nayaleta mbele ya vijana wa shule kwa sababu niliyajibu vibaya nilipoulizwa, na nusura nimdhulumu mtu asiye na hatia kwa jibu langu.

Nakaa Illasit, mji mdogo wa soko na mpaka chini ya Mlima Kilimanjaro, upande wa kusini wa Kaunti ya Kajiado. Tarakea ya Tanzania i karibu nasi, hata watu huvuka asubuhi kwenda kuuza na kurudi jioni. Hapo nilinunua nyumba ya mawe yenye vyumba viwili na sebule, iliyoezekwa kwa mabati, na baraza yake ikiutazama mlima. Muuzaji alikuwa mzee mmoja aliyejenga ili auze. Hakupata kulala humo hata usiku mmoja. Nilikabidhiwa mwezi wa Februari, wakati wa ukavu, ambapo kila nyumba ni nzuri. (Mtu akiniomba shauri moja tu juu ya kununua nyumba, nitamwambia akaitazame mvua inaponyesha.) Mwezi wa Aprili masika yakashika, maji yakateremka kutoka mlimani, na kona ya chumba cha watoto ikafanya ufa. Ulianza mwembamba kama unywele karibu na dirisha, ukashuka kwa kufuata viungo vya mawe, hatua kwa hatua kama ngazi, mpaka sakafuni. Mwisho wa mwezi niliweza kuingiza ncha ya penseli ndani yake.

Ufa una lugha yake, na yafaa mtu aijue kabla ya kugombana. Nyufa nyembamba zilizotapakaa juu ya lipu kama utando wa buibui aghalabu hazina hatari: lipu ilikauka upesi mno, au haikumwagiliwa maji ya kutosha, maana saruji hukomaa kwa unyevu, na fundi mwema huinywesha kwa siku 7 au zaidi. Ufa unaoshuka kama ngazi ni habari nyingine. Huo husema kwamba upande mmoja wa nyumba unazama na upande wa pili umesimama. Katika nyanda za Kitengela, kaskazini mwa kaunti yetu, ambako nyumba mpya zimeota kama uyoga, kisa mara nyingi ni udongo mweusi unaofura kwa mvua na kusinyaa kwa jua. Mjenzi asipouondoa mpaka afikie tabaka gumu, msingi huinuliwa na kushushwa kila mwaka kama mtumbwi juu ya mawimbi. Kwetu kisa kilikuwa kingine. Kiwanja kilikuwa na mteremko, na ili kisawazishwe upande wa chini ulijazwa kifusi. Kona ya chumba kile ilisimamishwa juu ya kifusi hicho, nacho hakikushindiliwa. Maji yalipopenya, kifusi kilikaa chini na kona ikakifuata.

Nilikwenda kwa muuzaji. Alinipokea vizuri, akanipa chai, akasema, "Mwalimu, mimi si mwashi. Nilimlipa fundi kazi kamili. Nenda kwake." Nikaenda kwa fundi. Naye akasema, "Mwalimu, mimi sikukuuzia nyumba. Namjua aliyenilipa." Kila mmoja alisema kweli, lakini kweli zao mbili, nilipoachwa katikati, zilikuwa sawa na uongo mmoja. Niliwaita wote wawili wezi, nikarudi nyumbani.

Katika boma la Wamasai, ambalo kwetu si jambo la kusoma vitabuni, nyumba hujengwa na mwanamke. Yeye hukata fito, huzisuka, hukandika kwa udongo na samadi ya ng'ombe, kisha hulala humo na wanawe. Akiacha tundu, mvua humwagikia yeye. Hahitaji hakimu wala mkaguzi, kwa kuwa kosa lake humrudia kabla mikono yake haijakauka. Nyumba ya kuuza imeyatenga mambo haya mawili: malipo huenda na aliyejenga, na kosa hubaki na anayelala. Wazee hupenda kusema kwamba mafundi wa siku hizi ni waovu kuliko wa zamani. Sidhani. Fundi wa zamani alikuwa jirani, na aibu ilimkuta kisimani.

Watu wa kale waliojenga miji mikubwa waliliona jambo hili. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilichongwa katika jiwe jeusi yapata mwaka 1750 kabla ya kuzaliwa Kristo, na jiwe hilo leo liko Paris katika jumba la makumbusho la Louvre. Zasema kwamba nyumba ikianguka ikamwua mwenyewe, mjenzi auawe; na ikimwua mwana wa mwenye nyumba, mwana wa mjenzi auawe. Hiyo ya pili ni dhuluma tupu, maana mtoto hakushika tofali. Walakini baada ya ukali huo huja sheria moja ndogo ambayo husahauliwa: ukuta ukionekana kutaka kuanguka, mjenzi na auimarishe kwa mali yake mwenyewe. Hapo hapana kisasi, pana kazi tu. Naiona bora kuliko zote zilizoitangulia, kwa sababu inamfikia mjenzi wakati ukuta ungali wima.

Sisi nasi tunazo sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora wa kuridhisha, na fidia kwa hasara iletwayo na kasoro zake. Mikataba mingi ya ujenzi huweka muda, mara nyingi miezi 6, ambao mjenzi lazima arudi kurekebisha kasoro, na sehemu ya fedha yake huzuiliwa mpaka muda huo upite. Sheria ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ili kuwasajili na kuwasimamia makandarasi. Hayo ni mema, na mnunuzi mwenye busara ayaulize kabla ya kutia sahihi, jambo ambalo mimi sikulifanya. Lakini jengo la ghorofa lililoanguka Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 wakati wa mvua kubwa, likaua watu zaidi ya 40, lilianguka sheria hizo zikiwapo. Sheria hufika mahali baada ya kuitwa. Siku kifusi kinapomwagwa, aliyepo ni mtu na dhamiri yake.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika. Rafiki yangu mmoja, mtu mwema kabisa, alikuja akautazama ufa, akaniambia, "Ziba, paka rangi, uuze kabla ya vuli. Nawe uliuziwa hivyo hivyo." Methali yetu yasema usipoziba ufa utajenga ukuta; lakini haikusema uzibwe kwa moyo gani. Kuna kuziba ili nyumba ipone, na kuna kuziba ili macho yasione. Mimi niliziba kwa namna ya pili. Nilitia saruji, nikapaka rangi ya maziwa, na rangi ilipokataa kufanana na ile ya zamani nikasogeza kabati la vitabu mbele yake.

Akaja mama mmoja kijana kuitazama nyumba, pamoja na mwanawe wa miaka minne. Alipenda baraza, akapenda mlima. Alipofika katika chumba kile akauliza, "Mwalimu, hapa ndipo watoto hulala?" Nikajibu, "Ndipo." Sikusema uongo, wanangu walikuwa wamelala humo mpaka mwezi wa Aprili, nilipowahamishia sebuleni. Hakuuliza lolote juu ya kuta. Hakuuliza kwa sababu alikwisha kuniuliza kazi yangu, na jibu lile lilimtosha.

Wako watakaosema kwamba mnunuzi ana macho, na asiyeyatumia ajilaumu. Nami nakubali kwa vitu vinavyoonekana: mlango uliopinda, bati lililotoboka, ukuta ambao timazi lingeonyesha kuwa umeinama. Lakini hakuna jicho linaloona chini ya sakafu. Palipo na siri ambayo mmoja anaijua na mwingine hawezi kuijua, kunyamaza ni namna ya kusema. Na hoja ya rafiki yangu, kwamba nami nilitendwa vivyo hivyo, nilipoigeuza upande wa pili niliiona ilivyo: nilikuwa namdai mzee, nami nilitaka mama huyu anilipe deni la mzee. Kudhulumiwa hakumpi mtu hati ya kudhulumu. Humpa haki ya kudai kwa aliyemdhulumu tu, hata kama huyo ni mgumu na mgeni ni mwepesi.

Kijana wake alikuwa amekwisha kukaa sakafuni, karibu na kabati, akicheza na kifuniko cha chupa. Nikalivuta kabati. Mama aliutazama ukuta kwa muda, akanishukuru, akamshika mwanawe mkono, akaenda zake. Sikujiona mwema hata kidogo; nilijiona mtu aliyeshikwa mkono ukiwa ndani ya mfuko wa mwenziwe.

Siku ile nilikumbuka kazi yangu. Mwanafunzi akikosa hesabu, kuna namna mbili. Mmoja hakujua, na kosa lake li wazi juu ya karatasi. Mwalimu hulitia wino mwekundu na hesabu husahihishwa. Mwingine alijua kwamba jibu halikuja, akamwaga wino juu yake ili lisisomeke. Wote wawili hupata sifuri, lakini wa pili ndiye anayehitaji mwalimu zaidi. Nilikwenda tena kwa fundi, safari hii bila matusi, nikamwuliza swali moja: "Ulikiona kifusi?" Akanyamaza kidogo. "Nilikiona, Mwalimu. Jua lilikuwa linatua, saruji ilikwisha kuchanganywa, na mzee alitaka msingi umalizwe siku ile. Nikasema labda kitashika."

Labda! Nyumba yangu yote ilisimama juu ya neno hilo, na mimi nilikuwa tayari kuliuza kwa mama yule pamoja na baraza. Simchukii fundi kwa kukosea. Mtu achokaye jioni hukosea, na mwenye haraka humkosesha. Kosa lile lingemgharimu kazi ya siku mbili kama angelisema asubuhi ya pili, mitaro ikiwa bado wazi. Aliponyamaza, kila safu ya mawe aliyoiongeza iliongeza bei ya kusema.

Mnunuzi naye ana wajibu wake, ingawa watu hawapendi kuusikia. Aseme mapema, aonyeshe mahali penyewe, atoe nafasi ya kurekebisha, wala asizidishe. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na kasoro 11. Nilipoisoma mara ya pili niliona kwamba 4 zilikuwa zetu wenyewe, ukiwamo mlango wa baraza ambao wanangu waliuning'inia mpaka bawaba zikalegea. Nilizifuta. Nadhani kufuta kule ndiko kulikomfanya mzee asikilize zile 7 zilizobaki.

Tulikutana watatu mbele ya mzee wa mtaa, tukaandika na kutia sahihi. Muuzaji alitoa saruji, kokoto na nondo; fundi alitoa mikono yake bila ujira; mimi niliwalipa vibarua wawili, na nikachimba mtaro wa kuyapeleka maji ya mlima kando, ambao hakuna aliyenidai wala niliyemdai. Msingi wa kona haukufukuliwa wote kwa mara moja, maana nyumba ingeanguka. Tulichimba kipande cha urefu wa mita moja mpaka kwenye udongo mgumu, tukakijaza zege, tukangoja kikomae, ndipo tukaruka kwenda kipande kisichopakana nacho. Kazi ya siku mbili ilichukua wiki tano.

Mwisho fundi alibandika vipande viwili vya kioo juu ya ufa kwa saruji, kimoja juu na kimoja chini, akaandika tarehe kwa penseli. Kioo hakina huruma wala adabu. Ukuta ukisogea kidogo tu, huvunjika. Kabati nimelirudisha sebuleni. Masika yaliyofuata, kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, nilivitazama. Cha juu kiko mpaka leo. Cha chini kilipasuka katika wiki ya tatu ya mvua. Nilimpelekea fundi habari kwa kijana wa pikipiki, naye akaja siku ile ile, na beleshi lake begani.