Wapeni Mafundi wa Kamukunji Ardhi na Kanuni

Enyi mafundi wa Kamukunji, enyi wachomeleaji wa Kariobangi, enyi kina mama wa cherehani pale Gikomba! Nawaandikia ninyi kabla ya waheshimiwa, kwa kuwa neno hili ni lenu kabla ya kuwa lao. Kila nyundo inayogonga Shauri Moyo tangu alfajiri inakiuliza chuma swali: ukikunjwa hivi, utashika? Na kila mteja anayeshika karai, akaligeuza, akalirudisha chini bila kununua, anatoa jibu. Hivyo ndivyo maarifa yanavyozaliwa duniani kote. Mtu hujaribu, soko humwambia ukweli, naye kesho yake hujaribu tena. Anayezuiwa kujaribu hubaki nyuma hata akiwa na kipawa cha namna gani.

Msijidharau. Wakristo wenzangu, fungueni kitabu cha Kutoka mkamwone Bezaleli, fundi wa dhahabu, fedha na shaba, aliyejazwa roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono. Nanyi ndugu zetu Waislamu wa Majengo mnajua kutoka kwenye Qurani kwamba Nabii Daudi alilainishiwa chuma. Mbinguni fundi ana heshima. Iweje Nairobi akimbizwe na askari wa kanjo?

Litazameni jiko. Lile lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, lililomo katika nyumba nyingi kuanzia Kaloleni mpaka Kayole. Jiko la zamani la bati tupu lilitupa joto ubavuni, na makaa yakaisha kabla maharagwe hayajaiva. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mkenya Max Kinyanjui na wenzake walichukua somo kutoka kwa jiko la Thailand wakawaletea mafundi wetu. La kwanza halikuwa zuri. Lilikuwa zito, udongo wake ulipasuka, na bei ilimshinda mama wa kawaida. Basi mafundi wakalifanyia kazi. Wakaligundulia umbo la kiuno, udongo ukakaa nusu ya juu peke yake, jiko likawa jepesi na likasimama imara. Hakuna aliyelifungia kwa hataza, hivyo kila fundi aliruhusiwa kuiga, na aliyeiga vibaya alirudishiwa jiko lake na wateja wenye hasira. Bei ikashuka mwaka baada ya mwaka. Leo jiko lile linaokoa karibu theluthi ya makaa, na likitengenezwa vizuri hata zaidi, na ufundi wake umevuka mipaka ya Kenya. Nawauliza, ni afisa gani aliyeidhinisha kiuno kile? Kamati ipi ilikaa? Ilikuwa nyundo, udongo na mteja.

Na uhuru huo wa kujaribu ndio uliotupa M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu. Ilipozinduliwa Machi 2007, Benki Kuu haikusema tungojee kwanza sheria. Iliruhusu huduma ianze, ikaitazama kwa karibu. Mwaka 2008 mabenki yalilalamika, serikali ikakagua, huduma ikaendelea. Sheria ya mifumo ya malipo ilipitishwa 2011, wakati mama mboga wa Umoja alikuwa amekwisha kuzoea kupokea pesa kwa simu. Matatu nazo zilifunguliwa njia hivyo hivyo: mwaka 1973 Rais Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni za wakati ule, na ukiritimba wa mabasi ukavunjika. Karakana za kuunda bodi za matatu zilizoota baada ya hapo zimewafunza vijana wetu kuchomelea, kupaka rangi na kufunga nyaya kuliko vyuo vingi.

Sasa oneni mkono wa pili wa serikali, ule unaozuia. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, serikali ilipiga marufuku biashara yote ya vyuma kuukuu. Wezi wa nguzo walistahili kushikwa, tena washikwe vikali! Lakini amri ile haikumtafuta mwizi. Ilimkuta fundi wa kuyeyusha chuma, ambaye malighafi yake ni mabaki ya magari yaliyokufa, ikamfungia mlango kwa miezi. Mtu aliyekuwa anajifunza kutengeneza vipuri vya mashine ya kusaga alikaa mikono mitupu kwa kosa la mwingine. Nani atafidia majaribio ambayo hayakufanyika?

Nalo la ardhi linaniuma kuliko yote. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, akawaona mafundi wakifua vyuma juani, akaahidi vivuli, na mabanda yakajengwa. Ni vyema, tunashukuru. Lakini kivuli si hati. Hadi leo mafundi wengi wanafanya kazi juu ya ardhi wasiyoweza kuipeleka benki kuchukulia mkopo. Ndugu yangu, wewe ungenunua mashine nzito ya kukereza chuma na kuizamisha katika sakafu ya zege mahali unapoweza kuhamishwa kwa notisi ya siku chache? Hununui. Unabaki na nyundo na tindo, vitu vinavyobebeka begani ukikimbia. Watu wanaita hali hii ukosefu wa teknolojia. Mimi nasema ni ukosefu wa usalama. Pale Gikomba moto umerudi tena na tena, na ule wa Juni 2018 uliua watu 15. Mfanyabiashara anayelala akiwaza moto na tingatinga hawezi kupanga mambo ya miaka kumi.

Wakati huohuo nchi yetu inajua vizuri kutengeneza mazingira ya uvumbuzi, ikitaka. Mwekezaji katika eneo lililo chini ya Sheria ya Maeneo Maalumu ya Kiuchumi ya 2015 hulipa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza na 15 kwa kumi inayofuata, ilhali kampuni ya kawaida hulipa 30. Tatu City, kwenye ardhi iliyokuwa mashamba ya kahawa kule Kiambu, ni eneo la namna hiyo. Konza nayo imetengewa uwanda mpana kwa ajili ya teknolojia. Sina neno baya kwa miji mipya inayojaribu kanuni mpya, nataka iongezeke! Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mafundi wa Eastlands, mashariki hii ya Nairobi, wamecheza kwao tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na tuzo zinapelekwa kwenye mashamba matupu.

Nataka mafundi nao wapate eneo maalumu lao. China ilipoitangaza Shenzhen kuwa eneo maalumu mwaka 1980, watu waliachiwa kujaribu biashara zilizokatazwa kwingineko nchini, na bidhaa zilizotoka huko sasa zimejaa kwenye maduka yanayowazunguka hapo Kamukunji. Angalieni na Honduras pia. Sheria yao ya miji inayojitawala ilipita 2013, ikafutwa na Bunge 2022, kwa sababu wananchi wengi waliona imewekwa juu yao. Eneo letu lazima lizaliwe na wenye kazi, au litang'olewa vivyo hivyo.

Wapo watakaosema soko huria litamkanyaga mnyonge. Nawaheshimu, kwa kuwa wameona. Lakini mnyonge wa Eastlands anakanyagwa leo, na vibali vinavyorundikana, na hongo ya asubuhi, na madalali wa ardhi. Sisemi tuishi bila kanuni. Masikio yanayozibwa na kelele ya bati, mapafu yanayokula moshi wa kuchomelea, sufuria inayotoa sumu jikoni, vyote vinahitaji kanuni kali. Nasema kanuni hizo ziandikwe na watu wanaoijua kazi, ziwe chache, zisomeke, na atakayezivunja ahukumiwe haraka na wazee wa ufundi aliowachagua mwenyewe.

Basi inukeni. Kifungu cha 119 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Andikeni ombi kwamba Kamukunji na Kariobangi zitangazwe maeneo maalumu kama Tatu City ilivyotangazwa, hati ya ardhi ishikwe na vyama vya mafundi wenyewe, kibali kiwe kimoja kwa mwaka, na fundi aruhusiwe kuuza kifaa kipya kwa muda wa majaribio huku kikipimwa usalama wake. Nakala ipelekwe kwa Bunge la Kaunti na kwa Mamlaka ya Biashara Ndogo na Ndogo Kabisa. Viongozi wa vyama, lichapisheni kwa Kiswahili, lipitisheni banda kwa banda, na yeyote asiyejua kuandika aweke kidole gumba.