Bei ya Chai Melini



Abiria wa ziwa letu la Tanganyika wana lalamiko la siku nyingi: nauli si kitu, kinachommaliza mtu ni njiani. Mtu hupanda meli Kigoma amehesabu fedha za tikiti tu, naye hufika Karema hana hata senti ya kumlipa mchukuzi. Chai ina bei yake, sahani ya wali ina bei yake, na mashua ya kumshusha nayo hivyo hivyo. Je, muuzaji anayempandishia bei mtu asiye na mahali pengine pa kununua anatenda dhambi, au anafanya biashara tu?

Tukumbuke ilivyokuwa. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Kwa karibu miaka 90 ilikuwa ndiyo barabara ya watu wa Ikola na Karema. Vituo vingi havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko, ikapiga honi, na mashua za mbao zikaizunguka, usiku au mchana, watu na magunia wakashushwa kwa kelele nyingi. Wenye mashua walitoza chao, mbali na nauli ya meli.

Haki yataka tumsikilize muuzaji kwanza. Sukari, unga na mkaa vimenunuliwa bara, vimebebwa, na kisichouzwa safari hii huharibika. Mwenye mashua naye, meli ilipokuwa ikipita mara mbili tu kwa mwezi, saa ile moja ilikuwa mavuno yake yote. Anayedai bei ya sokoni Kigoma akiwa katikati ya maji hajafikiri vizuri.

Lakini iko bei inayopanda kwa sababu ya gharama, na iko inayopanda kwa sababu mnunuzi hana mlango wa kutokea. Kwa macho zinafanana. Esau alipouza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu (Mwanzo 25), hatusomi kwamba dengu zilikuwa adimu mwaka ule. Njaa ya Esau ndiyo iliyopanga bei. Maandiko yanamlaumu Esau kwa kuidharau haki yake, na ni kweli; ila sioni jinsi kosa la Esau linavyomsafisha Yakobo. Mimi hutumia kipimo hiki: je, bei hiyo ungethubutu kuiandika ubaoni pale bandarini, mtu akaisoma kabla hajapanda? Kama ndiyo, ni ghali tu. Kama unaificha mpaka meli ing'oe nanga, hapo unachouza si chai tena.

Najua abiria watapiga makofi. Wasiharakishe. Mama aliyekuja na mashua akiuza migebuka au mawese ana muda mpaka meli itakapoondoka, basi. Abiria mjanja huinama ukingoni, hushika samaki, huwarudisha, hungoja. Honi ya kwanza, bei inashuka. Honi ya pili, inashuka tena. Kisha anarudi kwenye mkeka wake kulalamikia chai! Huyu naye amemkuta mtu asiye na mlango.

Watu wa Malta walifanya vingine. Paulo na wenzake, 276 kwa jumla, walitupwa ufukoni mwao katika mvua na baridi (Matendo 27 na 28). Wenyeji wangeweza kuuza moto ule kwa bei waliyotaka. Waliuwasha tu, na Publio akawakaribisha siku tatu. Ni katika kisiwa hicho hicho Adriano Atiman, aliyekombolewa utumwani, alisomea uganga. Alifika Karema mwaka 1889 pamoja na wamisionari Wakatoliki, akawatibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Hata hivyo wapo walioitazama Karema saa moja kutoka melini wakasema hapana kitu pale.

Sisemi chai itolewe bure. Ajali ya Malta ilikuwa mara moja. Meli zingevunjika pale kila wiki mbili, hata Publio angepanga bei ya kitanda. Bei iwepo. Linalonisumbua ni yule aliyepanda na nauli peke yake. Kwenye mikeka ya daraja la tatu, mtu akifungua ugali wake humwuliza jirani kama amekula. Kwenye vyumba vya juu swali hilo haliulizwi, wala si kwa ubaya wa wenye vyumba: mlango umefungwa, na jirani haonekani. Mweka hazina wa kwaya anayekusanya fedha za safari ya ziwani angeweza kuanzia hapo, ahesabu chai na mashua ya wasio na kitu kwanza, vyumba baadaye.