Betri Ni Ileile, Ardhi Ndiyo Tofauti

Ukilitazama kwa mbali, bagi la mashindano linaloendeshwa kwa rimoti ni kitu cha kuchezea watoto. Lina urefu wa kama sentimita 40, uzito wa kilo moja na nusu hivi, na matairi yenye meno. Lakini huko Marekani, Japani na Ulaya watu wazima wanashindana nayo tangu miaka ya 1980, na wakikutana hawabishani juu ya rangi wala spidi peke yake. Wanabishana betri ikae wapi.

Si ubishi wa kijinga. Betri ina gramu 200 na kitu, na kwa gari jepesi namna hiyo huo ni mzigo mkubwa. Kwenye vumbi linaloteleza, betri inarudishwa nyuma ili uzito uyakandamize matairi ya nyuma yanayosukuma gari, la sivyo yatazunguka bure. Kwenye zulia au nyasi bandia, ambako matairi yananata, inasogezwa mbele. Hapo kusukuma si tatizo tena, tatizo ni kona: mbele kukiwa kwepesi, wewe unakata kulia, gari linaendelea na safari yake. Unachokipata nyuma umekilipia mbele. Hakuna mahali pa kuiweka betri pasipo na gharama.

Sumbawanga sijaona mashindano ya namna hiyo. Watoto wetu wana magari ya waya yenye matairi ya ndala zilizochakaa, na betri yake ni miguu yao wenyewe. Ila swali lile la betri lipo hapa kila siku, tena kwa ukubwa wake halisi. Lipo kwa kijana wa bodaboda anayefunga magunia kwenye keria na kuhisi usukani umekuwa mwepesi akianza kupanda. Lipo kwa utingo anayepanga mzigo kwenye Fuso linaloelekea bondeni kwa barabara ya Ntendo hadi Muze. Uwanda wa Ufipa hapa mjini uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Rukwa liko kama mita 800. Katikati kuna ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Mzigo uliotulia vizuri kwenye lami ya mjini unaweza kuwa mzigo mwingine kabisa kwenye mteremko.

Nyuma ya betri kuna swali la maadili ambalo limenikaa kichwani muda mrefu. Mtu anayebadilika kulingana na ardhi aliyopo, tumwite mwenye hekima au tumwite kigeugeu?

Majibu mepesi ni mawili, na yote tunayajua. La kwanza ni la wazee wakali: msimamo ni msimamo, mtu akibadilika leo na kesho atakuuza. La pili ni la vijiwe vya kahawa: kila mahali na mambo yake, usilete ya kwenu huku. La kwanza linamsifu dereva aliyefunga betri nyuma na hataki kuigusa hata akipelekwa kwenye zulia. La pili linasema hakuna udereva mzuri wala mbaya, kuna mazoea tu. Yote mawili yanaishia mtaroni.

Tuangalie wakulima. Ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Zambia, Wabemba kwa muda mrefu walilima kwa chitemene: wanakata matawi ya miti kwenye eneo pana, wanayarundika katikati, wanachoma, kisha wanapanda ulezi kwenye majivu. Uwanda wa Ufipa ni wa nyasi, miti ni michache. Ukisema ulime chitemene hapa utatafuta matawi mpaka uchoke. Wafipa wakaja na intumba, vilima vidogo vya udongo vilivyofukia nyasi ndani yake, zikaoza taratibu na kuwa mbolea. Msimu mwingine vilima vinatawanywa, shamba linapandwa. Lengo ni lilelile, ardhi irudishiwe nguvu. Wabemba wakatumia moto, Wafipa wakatumia kuoza. Hakuna mwenye akili atakayesema Wafipa walikosa msimamo.

Kinyume chake kilitokea Uluguru. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Nia iliweza kutetewa kwenye karatasi. Lakini kazi ilikuwa nzito, mavuno hayakuwalipa wakulima, na mwaka 1955 watu waligoma hadi vurugu zikatokea na mpango ukaachwa. Hiyo ndiyo betri iliyofungwa ofisini na mtu asiyeijua ardhi.

Mpaka hapa ni kama nimewapa ushindi watu wa kijiweni. Hapana. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anataja rula ya risasi waliyotumia wajenzi wa kisiwa cha Lesbos. Ile rula haikuwa ngumu, ilijikunja kufuata umbo la jiwe. Alikuwa anaeleza kwa nini sheria iliyoandikwa kwa wote inahitaji mtu wa kuirekebisha pale kesi moja inapokuwa na umbo lake. Kitu kimoja katika mfano huo ni rahisi kukisahau: ingawa inajikunja, bado ni rula. Inajikunja ili ipime, na isipopima ni kipande cha risasi tu.

Basi tunaujuaje mkunjo wa kupima na mkunjo wa kukwepa? Nadhani bagi linatusaidia hapa. Anayehamisha betri hapunguzi uzito wala haongezi. Anachobadilisha ni mahali. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtu anayesema "nimeendana na mazingira" ni hili: umehamisha mzigo, au umeubadilisha?

Chukua lumbesa. Mkoa wa Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi mahindi, na kila msimu malalamiko ni yaleyale: gunia linajazwa, linashonewa kilemba juu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza. Mnunuzi ukimuuliza anakujibu kwa upole kabisa, "Kaka, ndiyo desturi ya huku." Anaongea kama mtu aliyeisoma ardhi. Kumbe hakuhamisha chochote, ameongeza kilo na kumwachia mwingine gharama. Lugha ya kuendana na mazingira ndiyo turubai analofunikia.

Swali la pili ni nani anaanguka. Katika mashindano ya rimoti, dereva anasimama jukwaani. Gari likipinduka anakuja mtu analigeuza, mbio zinaendelea. Ndiyo maana wanaweza kujaribu betri hapa na pale bila hofu. Kwenye Lyamba lya Mfipa hakuna wa kuja kuligeuza gari, na mara nyingi aliyeamua gunia likae wapi amebaki mjini akihesabu hela, huku juu ya mzigo wamekaa abiria ambao hawakuulizwa. Mtu anayehamisha uzito wa maisha ya wengine akiwa amesimama jukwaani hana haki ya kuita jaribio lake hekima. Angalau amsikilize anayeshuka nao. Utingo aliyeshuka mlima ule mara mia anajua kitu ambacho mwenye mzigo hakijui, ila kwa kuwa ni utingo, neno lake linakuwa la mwisho kusikilizwa.

Kwenye kazi yangu ya uandishi wa habari, swali hili halina likizo. Jina Sumbawanga wenyeji hulifasiri kuwa "tupa uchawi". Hata hivyo, nchi nzima inatutania kwa uchawi, na habari yoyote kutoka huku ina betri hiyo tayari. Mtu mwenye ualbino akishambuliwa, mambo yote ni ya kweli: kuna imani za kishirikina, kuna mwenye fedha aliyeagiza, kuna majirani waliokaa kimya, kuna mtu mwenye jina na familia yake. Siwezi kuondoa hata kimoja. Lakini nikiweka uchawi mbele, msomaji wa Dar atacheka au atashtuka, kisha atafungua ukurasa mwingine akiamini kwamba hayo ni mambo ya Wafipa. Nikimweka mbele mwathirika na yule aliyelipa fedha, habari inakata kona na kuelekea mahakamani, inakotakiwa kwenda. Nikiandika kwa ajili ya wasomaji wa hapa Ufipa ninaurudisha uzito upande mwingine, kwa sababu hapa ushirikina unatakiwa utajwe wazi, bila aibu na bila kuuzungushia maneno. Mambo ni yaleyale, barabara ndizo mbili. Ila siku nitakayolifuta jina la mwenye fedha kwa kuwa ni mtu mkubwa, nitakuwa nimeitoa betri na kuiacha chini, na hakuna ardhi itakayonitetea.

Najua pingamizi litakalokuja. Safari moja inaweza kuwa na lami, changarawe, tope na mteremko, na huwezi kusimama kila kilomita kupanga mzigo upya. Ni kweli. Hata madereva wa bagi hawapati nafasi hiyo mbio zikishaanza. Wanachagua mahali panapovumilika kote, kisha wanaendesha wakijua udhaifu wa gari lao uko wapi. Anayejua kwamba mbele yake ni kwepesi hupunguza mwendo kabla ya kona. Na sisi wengine tunaweza kufanya hivyo: mtu anayejua kwamba msimamo wake una upande mwepesi apunguze mwendo anapofika mahali upande huo unapotakiwa kufanya kazi.