Majirani wa Nabothi



Hapa Mbozi Mission, kila ninapofundisha vijana wa VIWAWA historia ya kudai haki, swali la kwanza ni lilelile: "Hiyo si siasa? Sisi tumekuja kusali." Huwa sibishani. Nafungua 1 Wafalme 21.

Kisa tunakijua. Mfalme Ahabu analitaka shamba la mizabibu la Nabothi, naye anakataa kwa sababu ni urithi wa baba zake. Tangu utotoni lawama zote tunamtupia Yezebeli. Lakini soma polepole. Yezebeli aliandika barua tu. Waliotekeleza ni wazee wa Yezreeli, majirani wa Nabothi. Tena walitangaza mfungo. Mfungo, jamani! Wakaketisha mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akapigwa mawe. Ibada ikawa shuka la kufunikia wizi. Katika sura nzima hakuna jirani hata mmoja aliyesema hapana.

Sasa waangalie Wameru. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza ilianza kuwatoa kwa nguvu Engare Nanyuki, watu wapatao 3,000, ili ardhi yao wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Wameru hawakushika silaha, na hawakukaa kimya pia. Walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa umoja huo. Kwenye Baraza Kuu, azimio lao halikufikisha theluthi mbili za kura.

Hapa vijana hunyong'onyea kidogo, maana tunapenda hadithi za ushindi. Lakini Kirilo alirudi akawasimulia watu, na TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, wapo waliokwisha kujua kwamba mkulima anaweza kumshtaki mkoloni mbele ya dunia. Nabothi alikufa peke yake. Kirilo alisafiri na michango ya majirani mfukoni.

Mbona nahangaika na haya? Kwa sababu sisi ni watu wa kahawa na mahindi, na ardhi inagombaniwa. Mume akifa, wakati mwingine hata matanga hayajaanuliwa, ndugu wameshaanza kupima shamba kwa hatua. Na sisi wanajumuiya tupo palepale, rozari mkononi, tunajifanya hatuoni. Wakati Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi! Mjane anachokosa mara nyingi ni mtu wa kusimama kwenye baraza la ardhi la kijiji aseme, "Shamba hili nalijua, ni lake."

Jumuiya ikikutana wiki hii, someni sura hiyo kwa sauti, na baada yake kifungu cha 20. Kama yupo mama kati yenu ambaye shamba lake linanyemelewa, muulizeni kwanza yeye anataka msaada gani. Msimsemee.