Kubaki na Kuridhia: Hoja ya Kuhama Mtandao wa Kijamii

Kujiunga na mtandao mpya wa kijamii ni kazi ya dakika chache. Mtu hupakua programu, huandika namba ya simu au barua pepe, huchagua jina, huweka picha. Urahisi huo ndio unaoipa nguvu kauli inayotolewa kila mtumiaji anapoilalamikia kampuni: asiyependa masharti aondoke, hakuna aliyemfunga kamba, na anayebaki, basi ameridhia. Kauli hiyo ilitangulia intaneti kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Waliojadili ni lini kubaki kuhesabiwe kuwa ridhaa, na ni lini kuondoka kuwe wajibu, hawakuijua mitandao ya leo kama Mastodon na Bluesky, lakini maswali yao yanafaa hapa karibu bila kubadilishwa.

Andiko mashuhuri zaidi la hoja hiyo ni Crito, mazungumzo yaliyoandikwa na Plato. Mwaka ni 399 KK. Mwanafalsafa Socrates yuko gerezani Athens akisubiri siku ya kunywa sumu, na rafiki yake Crito amefika alfajiri kumshawishi atoroke. Socrates anakataa. Katika kueleza sababu, anazipa Sheria za mji sauti, nazo zinamkumbusha kwamba kila raia aliyefikia utu uzima na kuona mji unavyoendeshwa aliruhusiwa kuchukua mali yake na kwenda atakako. Yeye ana umri wa miaka sabini na hakuondoka, kwa hiyo amekubali kwa matendo. Wanaoirejea hoja hii hushika ile ruhusa ya kuondoka na kuipita ile ya mali, ilhali uzito wote uko kwenye mali. Ridhaa ya anayebaki ina maana kwa sababu ambaye angeondoka asingeondoka mikono mitupu.

Mwaka 1748 David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliishambulia hoja hiyohiyo katika insha yake kuhusu mkataba wa asili kati ya watawala na watawaliwa. Aliuliza iwapo mkulima au fundi maskini, asiyejua lugha wala desturi za ugenini na anayekula kwa ujira wa siku, anaweza kusemwa kuwa ana hiari ya kuhama nchi. Kisha akatoa mfano wa mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini. Anapoamka yuko katikati ya bahari, na anaambiwa kwamba kwa kuwa hajajitupa majini, ameikubali mamlaka ya nahodha.

Mtumiaji wa mtandao wa kijamii yumo katika hali ipi kati ya hizo mbili? Hafi akiondoka, kwa hiyo mfano wa Hume unazidi kipimo. Lakini sharti la Athens nalo halijatimizwa. Tangu tarehe 25 Mei 2018, kanuni za Umoja wa Ulaya za kulinda taarifa binafsi zinampa mtu haki ya kupewa taarifa alizoikabidhi kampuni, katika umbo ambalo mfumo mwingine unaweza kuzisoma. Kampuni kubwa zimetii kwa kumwezesha mtumiaji kupakua faili lenye maandishi na picha zake za miaka mingi. Faili hilo likifunguliwa lina kila alichosema, ila wale aliokuwa akisema nao hawamo. Majina yao huenda yakawemo. Wenyewe wamebaki walikokuwa.

Hapa ndipo suala la kuhama mtandao linapoachana na suala la kuhama mji. Katika mtandao kitu cha thamani ni uhusiano, na uhusiano una wenyewe wawili au zaidi. Hakuna mmoja wao anayeweza kuubeba begani akaenda nao. Chukua grupu la WhatsApp la kuchangia harusi au msiba, kama yalivyo maelfu Dar es Salaam na Nairobi. Orodha ya michango huandikwa na mtu mmoja. Anayefuata huikopi, huongeza jina lake na kiasi chini ya mwenzake, kisha huibandika upya. Mweka hazina naye huweka alama ya tiki kwa waliokwisha kutuma. Januari 2021, WhatsApp ilipotangaza masharti mapya ya faragha, watu wengi duniani walijiunga na programu nyingine za ujumbe, Signal na Telegram. Mwanagrupu aliyehama wakati huo na kuifuta WhatsApp alipata faragha zaidi, na orodha ikaendelea kukua bila jina lake. Waliobaki hawakuwa wamesoma masharti na kuyapenda. Walibaki kwa sababu mweka hazina alibaki, naye mweka hazina alibaki kwa sababu ya wao. Kila mmoja alimfunga mwenzake bila kukusudia, na kampuni haikuhitaji kumshika yeyote.

Ikiwa ndivyo, kubaki kwa mtu mmoja mmoja hakuthibitishi ridhaa ya yeyote. Watu mia wanaweza wote kupendelea kuondoka, na bado wote wakabaki, kila mmoja akisubiri wengine watangulie. Brazil ilitoa ushahidi wa ajabu wa jambo hili. Tarehe 30 Agosti 2024 Jaji Alexandre de Moraes wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo aliamuru X, iliyokuwa ikiitwa Twitter hadi Julai 2023, ifungwe kwa kutotii maagizo ya mahakama. Katika siku chache Bluesky ilipokea mamilioni ya watumiaji wapya, wengi wao Wabrazili. Walikuwa na miezi mingi ya kuhama kwa hiari. Wakahama pamoja siku walipokatazwa kubaki. Mtetezi wa uhuru wa mtu binafsi ana haki ya kukosa raha na mfano huu, maana amri ya dola iliwafanyia watu jambo ambalo hiari zao zikiwa mojamoja zilishindwa. Amri iliondolewa tarehe 8 Oktoba mwaka huohuo.

Dini nazo zimelitazama suala la kuondoka, na Uislamu umelitazama kwa kina kwa kuwa kalenda yake inaanzia kwenye Hijra, yaani kuhama kwa Waislamu wa kwanza kutoka Makka kwenda Madina. Kuyalinganisha mateso ya Makka na kero za matangazo kungekuwa utovu wa adabu. Kinachochukuliwa hapa ni muundo wa hukumu tu. Surat An-Nisaa, katika aya ya 97, inawalaumu waliosema walikuwa wanyonge katika nchi ilhali ardhi ya Mungu ilikuwa na nafasi ya kuhamia. Aya inayofuata papo hapo inawatoa wanaume, wanawake na watoto wasio na uwezo wala njia. Ibn Qudama, mwanazuoni wa madhehebu ya Hanbali aliyefariki mwaka 1223, aliwapanga watu katika mafungu matatu: asiyeweza kuidhihirisha dini yake na ana uwezo wa kuhama, kuhama ni wajibu kwake; asiye na uwezo, hana lawama; anayeweza kuidhihirisha dini yake hapo alipo, kuhama kwake kunapendeza lakini si lazima.

Mpango huo una faida ambayo mijadala ya leo kuhusu mitandao huikosa. Hauulizi tu kama mtandao ni mbaya. Unauliza ubaya wake unamzuia mtu kufanya nini, na ana njia gani ya kutoka. Tarehe 13 Novemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza lilitangaza kuacha kuchapisha kwenye X. Lina tovuti yake na wasomaji wake, hivyo lilitoka kama mwenye nyumba anayerudisha funguo za chumba cha kupanga. Mama anayeuza vitenge kwa kuweka picha kwenye status ya WhatsApp hana nyumba ya pili. Wateja wake wengi wananunua bando la WhatsApp pekee, kwa kuwa makampuni ya simu Afrika Mashariki huliuza kwa bei ya chini kuliko bando la intaneti yote. Kumwambia ahamie kwenye mtandao wenye maadili bora ni kumtaka awafuate wateja wasiokuja huko, tena kwa MB za bei kubwa zaidi. Yeye ni wa fungu la pili.

Jambo jingine linalosahaulika katika habari ya Hijra ni kwamba Muhajirina, yaani wale waliohama, hawakuondoka kama mtu mmoja mmoja aliyechoshwa. Kabla ya Madina, kikundi kidogo kilitangulia kwenda Habasha, chini ya hifadhi ya mfalme wake, Najashi; baadhi yao wakarudi Makka kwa uvumi kwamba mambo yametengemaa, wakakuta sivyo. Na walipofika Madina mwaka 622, kulikuwa na wenyeji waliowapokea, walioitwa Ansari, na Mtume akaunganisha udugu kati ya mhamiaji na mwenyeji. Mtandao mpya ambao mtu hufika na kukuta ukurasa mtupu, asijue amfuate nani, una mlango lakini hauna Ansari.

Upande wa pili wa hoja ni wa wale wanaoona kubaki ndiyo wajibu. Albert Hirschman, mwanauchumi aliyezaliwa Berlin mwaka 1915, alichapisha mwaka 1970 kitabu kuhusu njia mbili za kuonyesha kutoridhika: kutoka, au kupaza sauti. Wazo hilo lilimjia alipotazama reli ya Nigeria. Malori yalikuwa yakiinyang'anya reli mizigo, na wataalamu wangetarajia ushindani uirekebishe. Haikurekebika, kwa sababu wafanyabiashara ambao wangepiga kelele zaidi ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia kwenye malori. Reli ikabaki na wateja wasio na pa kwenda wala wa kuwasemea. Anayeuhama mtandao uliooza anaweza basi kuwa anauozesha zaidi.

Kenya inaipa hoja hii nyama. Katika upinzani dhidi ya Muswada wa Fedha wa 2024, vijana walijadiliana na kupanga kwenye X, hasa katika vikao vya sauti. Muswada ulikataliwa na Rais William Ruto tarehe 26 Juni, naye mwenyewe akaingia katika kikao cha aina hiyo tarehe 5 Julai kujibu maswali. Rais alifuata umati. Wale vijana wangekuwa wametawanyika katika mitandao sita safi, asingekuwa na kikao cha kuingia. Hata hivyo sauti hiyo ilielekezwa kwa serikali, haikuelekezwa kwa mwenye mtandao. Kwa Elon Musk, aliyeinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, vijana wa Nairobi hawana kura, na tishio la kuondoka ndilo karibu silaha yao pekee.

Mitandao mbadala imejaribu kulitatua tatizo hili kwa ujenzi wake. Mastodon, iliyoanzishwa na Eugen Rochko wa Ujerumani mwaka 2016, si ya kampuni moja. Ni seva nyingi zenye wasimamizi tofauti zinazozungumza lugha moja. Anayehama seva huhamisha wafuasi wake, ila maandishi yake ya zamani hubaki kule alikotoka. Ni kinyume kamili cha kampuni kubwa: huku mtu huondoka na watu akaacha mali, kule huondoka na mali akaacha watu. Uhuru huu una bei yake. Msimamizi wa seva anaweza kukata uhusiano na seva nyingine, kama seva nyingi zilivyoifungia Gab, mtandao unaohusishwa na siasa kali za mrengo wa kulia, ilipoanza kutumia programu ya Mastodon mwaka 2019. Hapo wengi walishangilia. Lakini uwezo huohuo, katika ugomvi mdogo wa wasimamizi wawili, huwatenganisha marafiki ambao hawakuulizwa.

Njia nyingine ni kuwalazimisha wakubwa wenyewe, na si ngeni Afrika Mashariki. Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu 2017 zinamruhusu mteja wa simu kuhama kampuni bila kubadili namba, na hata kabla ya hapo aliye kwenye laini ya kampuni moja aliweza kumpigia wa kampuni nyingine. Umoja wa Ulaya umelipeleka wazo hilo kwenye ujumbe wa maandishi: sheria yake ya masoko ya kidijitali inaidai kampuni ya Meta iziruhusu huduma nyingine zinazoomba kuwasiliana na watumiaji wa WhatsApp, ili aliyeondoka aendelee kusikika kwa waliobaki. Kwa watumiaji wa Ulaya, kauli kwamba anayebaki ameridhia inaanza kupata miguu kadiri sharti hilo linavyotekelezwa. Kwa wa Mombasa na Mwanza, ambako sheria hiyo haifiki, bado haina.