Kama Imekufa, Mbona Haijazikwa?

Somo letu, wapendwa, ni kitabu cha Danieli, sura ya 6.

Kisa hiki mnakijua tangu shule ya Jumapili. Wakubwa wa ufalme walimwonea Danieli wivu. Walimtafutia kosa kazini, wasilione. Basi wakamwendea mfalme Dario na amri iliyoandikwa vizuri: kwa siku 30 mtu yeyote asimwombe mungu wala mwanadamu isipokuwa mfalme. Mfalme akatia sahihi. Kisha wakaenda nyumbani kwa Danieli wakamkuta chumbani, amepiga magoti. Hakuwa ameiba. Hakuwa amempiga mtu. Alikuwa chumbani kwake.

Leo nataka mumtazame mfalme. Dario alimpenda Danieli. Alihangaika mpaka jua likatua akitafuta njia ya kumwokoa na tundu la simba, na njia haikupatikana, kwa sababu sheria ya Wamedi na Waajemi haikufutika. Usiku ule hakula wala hakulala. Mfalme mzima, mwenye jeshi na hazina, alishindwa na maandishi aliyoyatia sahihi kwa mkono wake mwenyewe! Shikeni hilo, wapendwa: wema wa mtawala si kinga ikiwa sheria mbaya bado imeandikwa.

Sasa njooni hapa Houston. Usiku wa tarehe 17 Septemba 1998, polisi waliingia nyumbani kwa John Lawrence, pembezoni mwa jiji hili. Walikuwa wamepigiwa simu kwamba kuna mtu mwenye silaha. Silaha haikuwepo. Simu ile ilikuwa ya uongo, imepigwa kwa wivu, na aliyeipiga aliadhibiwa baadaye. Lakini mlango ulikuwa umekwisha kuingiwa. Polisi walimkamata Lawrence pamoja na Tyron Garner, wanaume wawili watu wazima, wakidai wamewakuta katika tendo la ndoa, jambo ambalo sheria ya Texas iliwakataza wanaume wao kwa wao. Wakalala korokoroni. Wakatozwa faini ya dola 200 kila mmoja. Wivu, sheria na mlango wa chumba: ni Danieli yuleyule.

Wale wawili hawakunyamaza. Kesi yao ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 26 Juni 2003 majaji 6 dhidi ya 3 wakaamua kwamba jimbo halina mamlaka ya kumfanya mtu mhalifu kwa jambo hilo. Wengi wao wakakiri pia kwamba mahakama hiyohiyo ilikosea mwaka 1986, ilipoiacha sheria kama hiyo isimame katika jimbo la Georgia.

Tungeishia hapo tungeimba haleluya, twende nyumbani. Lakini juzi, baada ya ibada, alinijia mama mmoja wa ushirika wetu, mzaliwa wa Bukavu. Ameniruhusu niseme haya. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, hata mikunjo imeanza kuchanika. Mwanawe alikuwa amemfungulia moyo kwamba anampenda mwanamume mwenzake, na mtu fulani akamtisha mama kuwa Texas ina sheria dhidi ya mtoto wake. Aliniomba nimsomee kwa Kiswahili. Nikasoma: Kanuni ya Adhabu ya Texas, kifungu cha 21.06, kilichotungwa mwaka 1973. Kosa limetajwa, na daraja lake limetajwa. Pia kuna maelezo mafupi kwamba mahakama imekitangaza kifungu hiki kuwa kinyume cha Katiba. Nikamwambia, "Mama, usiogope, hii imekufa." Akanitazama. "Mchungaji," akasema, "kama imekufa, mbona haijazikwa?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile swali lake halijaniacha.

Kwetu, wapendwa, maiti haiachwi sebuleni. Na mahakama, kwa nguvu zake zote, haina jembe la kuzikia. Inaweza kukataza sheria isitumike, lakini haiwezi kuifuta kitabuni. Anayefuta ni bunge lililoandika. Bunge likikaa kimya, maneno yanabaki palepale yakimsubiri atakayeyaokota.

Na waokotaji wapo. Mwaka 2013 ilijulikana kwamba huko Baton Rouge, Louisiana, askari kanzu walikuwa wakiwafuata wanaume bustanini, wakipiga nao soga na kukubaliana kwenda nyumbani, kisha wanawatia pingu. Walitumia sheria iliyobatilishwa miaka kumi kabla! Mwendesha mashtaka alikataa kesi hizo, lakini waliokamatwa walikuwa wamekwisha kuaibishwa. Kisha Juni 2022, Mahakama ya Juu ilipoondoa haki ya kutoa mimba, Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba hukumu ya Lawrence nayo itazamwe upya. Siku hukumu hiyo ikianguka, kifungu cha 21.06 hakitahitaji kutungwa. Kimo kitabuni, kinangoja. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Najua yupo anayeuliza moyoni: "Mchungaji, unatuambia Biblia imebadilika?" Ndugu yangu, sikukwepi. Kanisani tunafundishana, tunaombeana, na wengine wenu mna msimamo wenu juu ya jambo hili. Lakini pingu si sakramenti. Kuna mambo mangapi tunayaita dhambi humu ndani ambayo hakuna anayetaka polisi wayaingilie? Uchoyo, masengenyo, kiburi: tungefungwa wote, na mimi wa kwanza! Katika Yohana sura ya 8 walimletea Yesu mwanamke, wakiwa na sheria mdomoni na mawe mikononi. Bwana aliinama akaandika chini, na aliposema, mawe yalianguka moja moja. Je, wewe ndiwe wa kuyaokota tena?

Nanyi mliotoka Kivu, hamhitaji mahubiri marefu. Mnajua mlango ukigongwa usiku moyo unafanyaje. Mnajua karatasi moja mkononi mwa askari inavyoweza kumgeuza jirani kuwa mtuhumiwa. Ninyi wa Kenya, Uganda na Tanzania, sheria za namna hii mnazijua. Mwingereza aliwaachia, na mzizi wake ni uleule wa zile za Marekani, sheria ya mfalme Henry VIII ya mwaka 1533. Uingereza na Wales waling'oa mzizi huo kwao mwaka 1967, kwa watu wazima faraghani. Sisi tunamtunzia nani?

Hapa ndipo habari njema ilipo, wapendwa. Texas si Umedi wala Uajemi! Sheria ya hapa inafutika. Illinois ilifuta ya kwake mwaka 1961, kabla ya mahakama yoyote kuilazimisha. Minnesota na Maryland zilifuta mwaka 2023. Hapa kwetu, Mei 2025, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura ya awali kuukubali muswada wa kukifuta kifungu hiki. Muswada haukufika kuwa sheria, lakini jiwe lilitikisika. Dario alilia kwa sababu hakuwa na njia. Sisi tunayo, tukikaa tu tutajibu nini?

Bunge la Texas huanza kikao Januari ya kila mwaka witiri, kwa siku 140. Kikao kijacho ni Januari 2027. Mtafute mwakilishi wako na seneta wako. Mpigie simu ofisini. Simu ya dakika mbili inatosha. Mwambie jina lako, mtaa unaokaa, na sentensi moja: "Naomba ufute kifungu cha 21.06." Kama Kiingereza chako ni cha kukwama, sema hivyohivyo. Kama ni raia, nenda kapige kura. Kama bado hujawa raia, andika barua. Hakuna anayeombwa uraia ili atume barua. Mmoja akipiga simu watamsahau. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Ile karatasi ya mama nimeiomba, naye akanipa. Nimeiweka ndani ya Biblia yangu, kwenye Danieli 6. Siku gavana atakapotia sahihi muswada wa kuifuta, nitamrudishia yeye na mwanawe, na sote tutatoka uani na jembe.